Kamera ya kwanza ya picha za familia: fedha nyingi ziende kwenye lenzi

Mwanzisha uzi, Tanga mjini:

Salaam kwenu wadau wote. Shemeji yangu wa Makorora amejaaliwa mtoto wa pili mwaka huu, na tangu siku ya arobaini ya mtoto huyo amekuwa akiniuliza swali moja kila tukikutana: anunue kamera gani iliyo ya maana, ya kwake mwenyewe, ya kuwapigia picha watoto na mama yake mzazi ambaye umri umeshakwenda. Nimekuwa nikimjibu barazani kwa vipande vipande, nikaona ni heri nimwandikie kwa ukamilifu hapa, ili na wengine wenye haja kama yake wapate cha kuchukua, na walionizidi ujuzi wanisahihishe.

Neno langu kubwa ni hili: fedha uliyoiweka kwa ajili ya kamera usiimalizie kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Tafuta bodi iliyotoka miaka kadhaa nyuma, hata kama imeshatumika, na kinachobaki kiweke kwenye lenzi moja yenye tundu pana. Wengi wanafanya kinyume. Wananunua bodi mpya inayong'aa, wanaridhika na lenzi iliyokuja nayo kwenye boksi, na baada ya miezi mitatu kamera inalala kabatini kwa sababu picha za sebuleni hazipishani na za simu.

Hili nililijua kwa bibi yangu. Kila alasiri alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyumba yetu ya Ngamiani akisuka ukili, miguu ameinyoosha, mwanga wa njiani ukimwangukia mikononi tu, uso na mabega vikibaki kwenye kivuli cha ukumbi. Kwa miaka miwili nilimpiga picha kwa simu, na katika kila picha vidole vyake vilitoka kama moshi, kwa kuwa ukumbi ulikuwa na giza na vidole vile havikuwa na mapumziko. Kisha rafiki yangu akaniazima kamera yake kuukuu yenye lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, yaani yenye tundu pana. Picha ya tatu niliyopiga ilitoka na vidole vyote kumi, miyaa ikipita kati ya kidole gumba na cha shahada, na pete yake ya fedha ikionekana mpaka mikwaruzo yake. Bibi ametangulia mbele ya haki. Mikono yake tunayo katika picha hiyo moja, na wajukuu waliozaliwa baadaye wanaijua kwa picha hiyo.

Kilichofanya kazi pale ni wingi wa mwanga. Lenzi ya zumu ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na bodi nyingi za bei nafuu, ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba hizi husomwa kinyume: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ule wa f/5.6, na maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba, katika chumba kilekile na taa ileile, pale ambapo zumu inalazimika kuacha shata, yaani pazia linaloruhusu mwanga kuingia, wazi kwa sehemu 1 ya 13 ya sekunde, lenzi ya f/1.8 inaweza kuifunga kwa sehemu 1 ya 125. Katika sehemu 1 ya 13 mtoto ameshageuza kichwa. Katika sehemu 1 ya 125 mtoto anayecheka akiwa amekaa anabaki palepale alipo, na macho yake yanatoka safi. Anayekimbia anahitaji sehemu 1 ya 500, na hiyo utaipata uani kwenye mwanga wa mchana.

Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, sitakaa sana. Picha ya kusafisha ya sentimita 10 kwa 15, ile inayoingia kwenye albamu, inatosheka na megapikseli 2 na ushei. Ukubwa wa karatasi ya A4 unataka karibu 9. Bodi za bei ya chini zilizotoka tangu muongo uliopita, kama Nikon D3500 na Canon EOS 2000D zote za mwaka 2018, au Sony a6000 ya mwaka 2014, zina megapikseli 24, na hizo zinatosha picha ya ukutani yenye upana wa nusu mita. Muuzaji akianza kukusifia megapikseli, mwulize tundu la lenzi ni f ngapi.

Mchangiaji wa Muheza:

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu, lakini nina swali la msingi. Simu yangu ni ya mwaka jana tu, inapiga picha za usiku na inatia ukungu nyuma ya mtu kama kamera kubwa. Kwa nini nitumie fedha ya mavuno ya machungwa kununua chombo cha pili?

Mwanzisha uzi:

Swali lako ni la haki, na nisingependa mtu atoe fedha ya mavuno bila sababu. Ikiwa unapiga picha mchana uani na kuzituma kwenye kundi la familia, simu yako inatosha, na nakushauri ubaki nayo.

Simu inashindwa katika mambo mawili. La kwanza ni kitu kinachotembea kwenye mwanga hafifu. Kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, kwenye simu ni kidogo mno, ilhali kwenye kamera ndogo za kubadilisha lenzi kina takriban milimita 23 kwa 15, na kwenye zile za fremu kamili milimita 36 kwa 24. Simu hufidia udogo huo kwa kupiga picha nyingi mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, na kazi hiyo huifanya vizuri sana kwa ukuta, chakula au mtu aliyetulia. Kwa mtoto anayeruka juu ya kochi, vipande havilingani, na unapata mkono wenye vidole visivyokamilika. La pili ni huo ukungu wa nyuma. Simu huukisia kwa hesabu. Mtazame mama aliyejitanda ushungi mwepesi na uvute picha ukingoni mwa kitambaa: mara nyingi utaona kipande cha ushungi kimemezwa na ukungu, au kipande cha ukuta kimebaki kikali karibu na sikio. Lenzi haikisii kitu. Kilicho mbali na fokasi, yaani pale picha inapokuwa kali, kinafifia polepole, kama jicho linavyoona.

Mama wa watoto watatu, Raskazone:

Mimi sitaki kusomea upigaji picha. Nataka kamera nitakayoichukua haraka mtoto anapofanya jambo, iwe nyepesi, na betri isiniaibishe siku ya Idi. Naambiwa za kisasa hazina kioo ndani na kwamba zenye kioo zimepitwa. Nichukue ipi?

Mwanzisha uzi:

Dada yangu, zote mbili zitakufaa, lakini zinatofautiana kwa yale uliyoyataja. Zisizo na kioo, yaani kile cha kuakisi picha kwenye kitundu cha kuchungulia, ni ndogo, zinaonyesha picha kwenye kitundu cha kuchungulia jinsi itakavyotoka kabla hujabonyeza, na nyingi za miaka ya karibuni hushika fokasi kwenye jicho la mtu na kulifuata likitembea. Kwa mama anayemkimbiza mtoto, hilo la jicho ni msaada mkubwa kweli. Upande wa betri ndipo zenye kioo zinapoongoza. Kwa vipimo vya viwandani, Nikon D3500 hutoa picha zipatazo 1,550 kwa chaji moja, ilhali Sony a6000 hutoa takriban 360. Ukichukua isiyo na kioo, hesabu betri ya pili kuwa sehemu ya bei ya kamera, na siku ya Idi zote mbili ziwe zimejaa tangu usiku wa manane, maana umeme ukikatika asubuhi huna pa kukimbilia.

Kama bajeti ni ndogo, mimi ningechukua yenye kioo. Watu wengi wanaziacha kwa ajili ya zile mpya, kwa hiyo zilizotumika na lenzi zake zinapatikana kwa urahisi, nazo zinapiga picha zilezile zilizokuwa zikitusisimua zilipotoka. Jihadhari na jambo moja upande wa Nikon: bodi za daraja la D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za zamani zenye alama ya AF au AF-D hazitajifokasi zenyewe. Tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P. Na upande wa Sony, zipo bodi zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ambazo menyu yake ni ya Kijapani tu na haibadiliki. Muuzaji akuwashie, ingia sehemu ya lugha mbele yake, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Mpiga picha wa harusi, Chumbageni:

Mwanzisha uzi ameandika vizuri, ila kwa lenzi ya milimita 50 simuungi mkono, na nasema kwa sababu nimeona wateja wakiijutia. Kwenye bodi za kihisi kidogo, cha zile milimita 23 kwa 15, lenzi hiyo inabana mno, yaani inaona eneo finyu. Sebule zetu nyingi zina futi 10 kwa 12. Mtu akijibanza ukutani kabisa bado hampati shangazi aliyesimama kuanzia ushungi hadi viatu. Mimi kwa familia ninashauri zumu ya kawaida pamoja na flashi ya kuelekeza juu darini.

Mwanzisha uzi:

Nakubali, na nashukuru kwa kunisahihisha, kwa kuwa niliandika kwa mapenzi ya ile picha ya bibi, naye alikuwa kizingitini nami nikiwa njiani, nafasi ninayo. Baada ya kusoma ulichoandika nilichukua utepe wa fundi nikapima. Kwa Canon ya kihisi kidogo yenye lenzi ya milimita 50, kamera ikisimamishwa wima, ili mtu wa mita 1.7 aingie mzima nililazimika kurudi nyuma karibu mita 4. Futi 12 ni mita 3.6 tu. Kwa Nikon yenye lenzi ya milimita 35 umbali ulikuwa mita 2 na nusu. Kwa hiyo narekebisha ushauri wangu: kwa nyumba zetu, kwenye bodi ya kihisi kidogo, lenzi ya kwanza iwe ya milimita 35 au karibu na hapo, na ile ya 50 ifuate baadaye kwa picha za uso na za uani. Nikon wana ya milimita 35 ya f/1.8 iliyotengenezwa mahsusi kwa bodi hizi tangu mwaka 2009, na ni nyepesi kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne anaimudu.

Flashi ya darini ni nzuri pale dari ikiwa nyeupe na ya chini. Nyumba za mbao za boriti, au zilizopakwa kijani, zitakurudishia rangi hiyohiyo usoni. Lakini kwa picha ya ukoo mzima usiku, watu 20 mistari mitatu, uko sahihi kabisa: tundu pana halisaidii hapo, kwa sababu mstari wa mbele ukiwa safi wa nyuma utafifia, na mwanga wa kuongeza ndiyo njia.

Mzee wa Pangani:

Vijana, mmesahau adui wa pwani. Mimi nilikuwa na lenzi mbili nilizozitunza kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati la nguo, nikidhani nazienzi. Baada ya masika mbili nilizikuta na kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo. Fundi alinifungulia moja akaisafisha, lakini madoa yalibaki. Ya pili niliitupa.

Mwanzisha uzi:

Shikamoo mzee. Pole sana, na jambo hili ndilo nililotaka mtu mzima aliseme.

Huo ni ukungu wa fangasi. Hupenda giza, joto na unyevu, na kabati la nguo la pwani wakati wa masika lina vyote vitatu. Ngozi nayo hunyonya unyevu na kuushikilia. Ukishaota, hutoa asidi inayokula rangi nyembamba iliyopakwa juu ya kioo, ndiyo maana alama hubaki hata baada ya kusafishwa. Dawa yake ni kuzuia. Chukua bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachobana kwa mpira, lile la kuhifadhia chakula, weka kamera na lenzi ndani pamoja na vifuko kadhaa vya silika, vile vidogo vyeupe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vikichoka huacha kunyonya. Zipo silika zinazobadilika rangi zikishiba unyevu, na hizo unazipasha moto mdogo zikakauka, zikaanza upya. Mchele msitumie, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye pete ya lenzi. Na kamera ipendwe kwa kutumiwa: inayotoka nje kila wiki ikapata hewa na mwanga haioti fangasi kwa urahisi.

Anayenunua iliyotumika hapa Tanga, au akaagiza Dar, akague lenzi hivi. Ifungue vifuniko vya pande zote mbili, fungua tundu lake mpaka mwisho, kisha mulika tochi ya simu upande mmoja huku unachungulia upande wa pili kwa mshazari. Vumbi ni vitone, nalo halina madhara. Fangasi ni nyuzi zenye matawi, kama mizizi ya mche wa mpunga ndani ya maji, na huanzia ukingoni. Ukiziona, mrudishie mwenyewe kwa adabu uondoke. Kwa bodi, piga picha ya ukuta mweupe ukiwa f/16, vuta picha uone kama kuna madoa meusi, kisha uliza shata imepiga mara ngapi. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, na programu za bure huisoma. Shata za bodi ndogo kwa kawaida hukadiriwa kudumu mara 100,000. Omba pia risiti ya kwanza, ili usije ukanunua mali ya mtu aliyeibiwa.

Mama wa watoto watatu, Raskazone:

Nina la mwisho. Picha zetu za Idi ufukweni, wanaume na kanzu zao, nyuso zetu hutoka nyeusi tii kama hazina macho wala tabasamu. Watoto wangu wameanza kusema kwamba wao hawapendezi kwenye picha. Linaniuma.

Mwanzisha uzi:

Dada, waambie watoto kosa ni la kipimo cha kamera na la aliyeishika. Wao hawana kosa lolote.

Kamera ikipima mwanga hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Mbele yake ukaweka kanzu sita nyeupe, mchanga na bahari inayomeremeta, inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na nyuso za watu weusi zinazama gizani. Hata enzi za filamu mambo hayakuwa sawa kwetu: Kodak walikuwa wakisambaza kwenye maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na picha za dunia nzima zikapimwa kwa ngozi hiyo. Ngozi zetu zina rangi nyingi ndani yake, nyekundu, dhahabu, zambarau ya mchana, na kamera inaziona zote mradi iruhusiwe kupokea mwanga wa kutosha.

Kwenye kamera kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kiweke kwenye +1, na kamera itapokea mwanga mara mbili ya iliotaka. Itazame picha, ongeza kidogo kama uso bado haujafunguka. Ukiona mikunjo ya kanzu imepotea, umezidisha. Rudi theluthi moja. Kwa siku kubwa kama Idi piga kwa faili ghafi (RAW), yaani picha kama kihisi kilivyoipokea, badala ya JPEG iliyokwisha kubanwa, kwa sababu faili ghafi lina nafasi ya kufungua uso baadaye bila kuharibu kanzu. Na wakati ni muhimu kuliko kitufe. Kwetu jua huchomoza upande wa bahari, kwa hiyo asubuhi, baada ya sala, ukiwasimamisha watu bahari ikiwa nyuma yao unapiga dhidi ya jua. Asubuhi wapeleke kwenye kivuli cha mwembe, ambako kanzu na uso havipishani sana kwa mwanga. Ufukweni nendeni saa kumi na moja jioni, jua likiwa magharibi, nyuma ya mpiga picha, limeshalainika. Wakirudi nyumbani waoneshe picha hizo wakubwa kwa wadogo, tena zilizosafishwa kwenye karatasi, kila mtoto ya kwake.

Shemeji wa Makorora:

Shemeji, nimesoma yote. Nimepata mtu Mikanjuni anauza D3500 yenye ile lenzi ya milimita 35, anasema ameitumia miaka minne. Picha nitahifadhi wapi? Simu yangu ya kwanza ilizama na picha zote za harusi yetu.

Mwanzisha uzi:

Naikumbuka siku hiyo, na naukumbuka uso wa mkeo. Kila picha iwe mahali pawili tofauti kabla hujafuta memori kadi: kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, kwa mfano kwa mama. Kundi la WhatsApp usilihesabu kuwa ghala, kwa sababu linazibana picha. Ukitaka ifike nzima itume kama faili la hati. Memori kadi nazo nyingi ni feki, zimeandikwa ukubwa zisiokuwa nao, kwa hiyo ukinunua mpya ijaze yote kwa faili zozote, kisha uzifungue moja moja kabla ya kuiamini.

Kwa huyo wa Mikanjuni, usimpe fedha kwanza. Mwambie tutakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Wewe njoo na memori kadi tupu, mimi nitakuja na tochi.